Tairi Jipya la Pikipiki: Lilikotoka, na Kwa Nini Fundi Anakuambia Uende Taratibu

Wiki hii siandiki juu ya viuatilifu wala nafasi za kupandia. Naandika juu ya kitu kinachompeleka afisa ugani kwa mkulima, na kinachopeleka kreti za nyanya za mkulima gulioni: tairi la pikipiki. Tangu sisi maafisa ugani tulipogawiwa pikipiki mwaka 2022, na kwa jinsi bodaboda zilivyojaa vijijini, maswali ya matairi ninayoulizwa yanakaribia kuwa mengi kama ya viwavijeshi. Nichague lipi? Kwa nini tyubu mpya imepasuka siku ya kwanza? Kwa nini fundi ananiambia niende taratibu wakati tairi ndiyo kwanza jipya, si ndiyo linashika barabara kuliko lile kipara nililotoa?

Ningeweza kujibu kwa orodha ya fanya hivi, usifanye vile. Lakini kwa uzoefu wangu na wakulima, orodha haikai kichwani. Mtu akishajua sababu ya jambo, hahitaji kusimamiwa. Na sababu za karibu kila sharti la tairi jipya zimo kwenye historia yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya kilimo, na sehemu yake imepita hapa hapa kwetu.

Mpira ulikuwa mmea kwanza

Katika misitu ya pwani na kusini mwa nchi yetu kuna mimea inayotambaa juu ya miti mingine, ambayo kitaalamu inaitwa Landolphia. Wazee waliiita mpira. Ukiikwaruza inatoa utomvu mweupe unaoganda na kunata, na zamani utomvu huo uliviringishwa vidonge vidonge na kuuzwa. Miaka ya 1880 na 1890 mpira huo wa porini ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizoteremka kutoka bara la Kilwa na Lindi kwenda kwa wafanyabiashara wa pwani, na kutoka hapo kwenda Ulaya.

Mpira mbichi una tabia mbaya mbili. Ukipata baridi unakuwa mgumu na kukatika, ukipata joto unalainika na kunata kama ulimbo. Kwa hiyo kwa miaka mingi wazungu walikuwa nao lakini hawakujua wautumie kwa kazi gani kubwa. Mwaka 1839 Mmarekani aitwaye Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapata moto, unabadilika kabisa: haunati kwenye joto, hauvunjiki kwenye baridi, ukiuvuta unarudi. Alipata hati ya ugunduzi mwaka 1844, Thomas Hancock naye akafanya hivyo Uingereza karibu wakati huo huo. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine, si yeye wala urithi wake.

Shika jambo hili moja, kwa sababu tutalirudia: tairi ni mpira uliopikwa. Hukatwa na kushonwa likiwa bichi, halafu huingizwa kwenye kalibu ya chuma, likapata joto na mgandamizo, likatoka na kashata zake na maandishi yake yote.

Daktari wa mifugo wa Belfast

Mtu wa kwanza kufikiria tairi lenye upepo ndani alikuwa Mskoti kijana, Robert William Thomson. Aliandikisha ugunduzi wake mwaka 1845 akiwa na miaka 23, kwa ajili ya magari ya farasi. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa ghali, na wakati huo hata baiskeli za watu wa kawaida hazikuwepo. Ukasahaulika kwa zaidi ya miaka 40.

Aliyeurudisha alikuwa mwenzetu wa fani, na hapa wenzangu wa mifugo mnaweza kutamba kidogo. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, Ireland. Mwaka 1887 alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu, yenye matairi ya mpira mgumu usio na upepo, juu ya barabara za mawe. Dunlop alichukua gurudumu la ubao, akalizungushia bomba la mpira alilolijaza upepo, akalifunika kwa kitambaa. Kisha akaliviringisha uani sambamba na lile gumu. Gumu likaanguka njiani, lenye upepo likaenda hadi ukutani. Mwaka 1888 akapata hati ya ugunduzi. Mwaka uliofuata, Mei 1889, mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano huko Belfast akiwa na matairi yale, na biashara ikaanza. Baadaye Dunlop aliambiwa hati yake haina nguvu kwa sababu Thomson alishamtangulia, lakini gurudumu lilikwisha kuondoka.

Pikipiki nayo ilikuja kwa mtindo huo. Ile ya Gottlieb Daimler ya mwaka 1885 ilikuwa ya mbao, na magurudumu yake yalivishwa chuma. Mwaka 1894 Hildebrand na Wolfmüller, huko Munich, ndio waliotengeneza pikipiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, na hiyo ilikuwa na matairi ya upepo. Bila upepo injini ingemtikisa mpanda mpaka meno.

Maana ya haya kwako ni kwamba kinachokubeba ni upepo. Mpira kazi yake ni kuutunza upepo huo na kushika ardhi. Ukinunua tairi la bei kubwa ukalitembeza na upepo pungufu, umebebwa na kuta za tairi, nazo hazikutengenezwa kubeba. Zinajikunja kila mzunguko, zinapata joto, nyuzi za ndani zinaachana. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake, cha mtu mmoja na cha watu wawili. Kipime kwa geji asubuhi, tairi likiwa la baridi. Kubonyeza kwa kidole gumba sio kupima.

Kwa nini fundi hupambana na tairi, na asiyepambana anajua nini

Tairi la Dunlop lilifungwa kwenye gurudumu kwa gundi na kitambaa. Pancha ilikuwa shughuli ya siku nzima. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja Mwingereza alifika na pancha kwenye kiwanda cha ndugu wawili wa ukoo wa Michelin, Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, na gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Édouard Michelin alilijaribu asubuhi, akaenda umbali mfupi, likapata pancha tena. Ndipo akina Michelin wakatengeneza tairi linalotoka na kurudi kwa dakika chache, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nalo mashindano marefu ya baiskeli ya Paris kwenda Brest na kurudi.

Lakini tairi lililo kwenye pikipiki yako leo limefuata zaidi wazo la Charles Kingston Welch, Mwingereza, la mwaka 1890. Welch aliweka waya usiovutika ndani ya kingo mbili za tairi. Waya huo ndio unaozuia tairi lisiruke kwenye ringi upepo ukijaa. Sasa jiulize: kama waya hauvutiki, na mdomo wa ringi ni mpana kuliko waya, tairi linaingiaje? Jibu la Welch ni bonde. Angalia ringi yako ikiwa tupu, utaona katikati imebonyea. Upande mmoja wa ukingo wa tairi ukitumbukia kwenye bonde hilo, upande wa pili unapata nafasi ya kupita juu ya mdomo wa ringi.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kufunga tairi. Fundi anayetumia nguvu nyingi na vyuma virefu, hadi anakunja miguu yote miwili, mara nyingi hajasukuma ule upande wa pili ndani ya bonde. Analazimisha waya uvutike. Waya ukijeruhiwa hautauona kwa nje, na tyubu ikibanwa kati ya chuma na ringi ndiyo hiyo inayopasuka siku ya kwanza, halafu lawama zinaenda kwa muuza tyubu. Piga magoti yako juu ya tairi upande ulio mkabala na vyuma, likae bondeni, na sehemu ya mwisho itaingia kwa nguvu ndogo tu. Malizia upande wa valvu, ili tyubu iliyo pale isibanwe.

Mengine ya kufunga yanafuata kutoka hapo. Tairi jipya lipewe tyubu mpya ya saizi yake, maana ya zamani imeshavutika na itajikunja. Kagua utepe unaofunika vichwa vya spoki, ukiwa umechakaa spoki itaitoboa tyubu kwa ndani na utalaumu misumari ya barabarani. Tia tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza, inyooke. Paka kingo za tairi maji ya sabuni. Usipake grisi wala oili, na sababu ni mpira wenyewe: mafuta ya petroli na jamaa zake huupenya mpira na kuuvimbisha hata ukiwa umepikwa. Zaidi ya hapo sabuni hukauka, oili haikauki, kwa hiyo siku ukifunga breki ghafla tairi linateleza juu ya ringi, linaiburuta tyubu na kung'oa valvu.

Kuna mshale ubavuni mwa tairi. Ufuate. Mpira wa kashata hulazwa juu ya tairi bichi kama ukanda, na pale ncha zinapokutana huungwa kwa mshazari. Nguvu kubwa ya gurudumu la nyuma ni ya injini, ya gurudumu la mbele ni ya breki, na hizo mbili zinavuta kinyume. Ndiyo maana tairi moja linaweza kuwa na mishale miwili, wa mbele ukielekea huku na wa nyuma kule. Ukiona doa la rangi ubavuni, kwa kawaida linaonyesha sehemu nyepesi ya tairi, nalo liwekwe karibu na valvu. Ukishajaza upepo, zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi kando ya ringi. Uwe na umbali sawa kuzunguka pote. Sehemu moja ikiwa imezama, tairi halijakaa. Toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Usilazimishe kwa kujaza kupita kiasi, mwisho uwe PSI 40.

Gharama ambayo haikuandikwa ubavuni

Baiskeli za Dunlop na Michelin zilipowatia watu wazimu Ulaya na Marekani miaka ya 1890, mpira ulitafutwa kila penye msitu. Jirani zetu wa Kongo ndio walioumia zaidi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika nchi ile kama mali yake binafsi kuanzia mwaka 1885. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa Landolphia cha kuleta, jamii ileile ya mimea iliyopo misitu yetu ya kusini. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete mpira. Askari walidaiwa kuonyesha mkono wa mtu kwa kila risasi waliyopiga, na mikono ilikatwa hata ya walio hai. Mwaka 1904 konseli wa Uingereza Roger Casement alitoa taarifa yake, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zikasambaa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Watu waliokuwa wamekufa ni wengi mno. Ni kitu cha kukumbuka unapoona tairi limetupwa kwenye mtaro kama kitu kisichokuwa na thamani.

Kilichomaliza mpira wa porini kilikuwa zaidi ya huruma. Kilikuwa kitalu. Mwaka 1876 Henry Wickham alisafirisha mbegu kama 70,000 za mti wa Hevea kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota ni kama 2,700 tu (wakulima wangu wangeniletea kesi kwa uotaji huo), na miche ikapelekwa Sri Lanka na Singapore. Pale Singapore Henry Ridley, mkuu wa bustani ya mimea, alifanya kazi ya ugani kama ninavyoijua: alizunguka na mbegu mifukoni akiwabembeleza wenye mashamba ya kahawa wapande mpira, nao wakamwona kichaa. Yeye ndiye aliyeonyesha namna ya kugema kwa kukata ganda tu bila kuujeruhi mti, ukagemwa tena na tena kwa miaka.

Mpira wetu, na kisamvu chako

Wajerumani nao walitaka mpira wao, lakini hapa walipanda zaidi mti mwingine wa Brazil, mpira wa Ceara, kitaalamu Manihot glaziovii. Ulienea Tanga, Morogoro na kwingineko. Uligemwa kwa njia iliyoitwa ya Lewa, kutokana na shamba la Lewa kule Tanga: ganda linapakwa maji yenye uchachu, linachomwa kwa kisu kidogo, utomvu unaganda hapo hapo juu ya mti, kisha mgemaji anazivuta zile nyuzi na kuziviringisha tufe. Ni kazi nyepesi kufundisha. Ubaya wake ni kwamba unapata mpira wenye uchafu na maganda.

Bei ilipanda hadi kilele mwaka 1910, watu wakapanda kwa pupa. Kisha mashamba ya Asia yaliyoanzishwa na kina Ridley yakaanza kuvunwa kwa wingi, mpira wao safi, bei ikashuka, na mwaka 1913 mpira wa Ceara wa huku ukaanguka. Mashamba yakaachwa. Nimeona mambo ya namna hii kwenye mazao mengine yanayokuja na semina nzuri na bei ya kuvutia, sitayataja.

Sasa angalia jina lile, Manihot. Ndiyo, ni ndugu wa muhogo. Na mti wenyewe unaujua: ndio ule unaosimama nyuma ya nyumba nyingi za pwani, majani yake tunayaita kisamvu cha mpira. (Utwange vizuri na kuchemsha sana, una sumu kama ya muhogo mchungu.) Mti ulioshindwa kutengeneza matairi umebaki kuwa mboga.

Ulifanya na kazi kubwa zaidi. Kule Amani, milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, Waingereza wakaiendeleza. Miaka ya 1930 muhogo ulikuwa unaangamizwa na batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti Storey na Nichols wakachavusha muhogo kwa mpira wa Ceara, kisha wakarudia kuchavusha watoto wake na muhogo, wakitafuta mmea wenye kiazi cha muhogo na ukinzani wa mpira. Mbegu nyingi za muhogo za Afrika zenye ukinzani zina damu ya kazi hiyo. Hata Namikonga, inayojulikana kusini kwa kuvumilia michirizi ya kahawia, wataalamu wa vinasaba wameikuta ni sawa na Kaleso, mbegu iliyotokana na Amani. Mkulima anayebeba mihogo ya Namikonga kwenye pikipiki ana mpira juu na chini.

Vita Kuu ya Pili ilirudisha ugemaji kwa muda. Singapore ilipotekwa na Wajapani Februari 1942, Waingereza na wenzao walipoteza karibu mpira wote wa Asia. Ile miti iliyoachwa Tanganyika ikagemwa tena, na watu walichukuliwa kwa lazima kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya mpira. Wamarekani walijenga haraka viwanda vya kutengeneza mpira kutokana na mafuta ya petroli. Ndiyo maana tairi lako leo ni mchanganyiko, mpira wa mti pamoja na wa kiwandani.

Baada ya uhuru tulikuwa na kiwanda chetu, General Tyre pale Arusha, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kulikuwa na mashamba ya Hevea ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga kule Kilombero. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000.

Dukani

Kwa hiyo tairi unalonunua gulioni limesafiri. Limekaa melini, ghalani, halafu limening'inizwa juani mbele ya duka. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea: hewa na jua huukausha na kuupasua. Tafuta ubavuni namba nne zilizo mwishoni mwa alama za DOT. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtindo huu wa namba nne ulianza mwaka 2000, kwa hiyo namba tatu ni tairi la karne iliyopita, mwachie mwenyewe. Watengenezaji wengi wanataka tairi likaguliwe kila mwaka likifika miaka mitano, na litupwe likifika kumi hata kama kashata zimejaa. Usidanganywe na vile vinywele vya mpira. Hivyo ni mpira uliojipenyeza kwenye matundu ya kalibu, havisemi lolote kuhusu umri. Wala weusi unaong'aa: matairi ya kwanza yalikuwa meupe-meupe, weusi ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20 ilipogundulika kwamba masizi yakichanganywa ndani ya mpira unadumu zaidi. Weusi wa maana uko ndani. Wa kupakwa juu unaficha nyufa tu.

Saizi ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa mfano 3.00-17 maana yake upana wa inchi 3 kwa ringi ya inchi 17. Kile kistari kinasema nyuzi za ndani zimepishana mshazari, mtindo wa zamani unaofaa mizigo na mashimo yetu. Ukiona 50P pembeni, 50 ni alama ya kubeba kilo 190 kwa tairi hilo moja, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Namba 41 ni kilo 145. Mtu anayebeba magunia aiangalie namba hiyo kabla ya kuangalia bei.

Kashata zenyewe hazikuwepo mwanzo, matairi yalikuwa laini, hadi kampuni ya Continental ya Ujerumani ilipotoa tairi la gari lenye kashata mwaka 1904. Kwa barabara ya vumbi na tope chukua zenye vitalu vilivyoachana. Ukikaa zaidi kwenye lami usichukue hizo, zinashika eneo dogo na zinachakaa haraka. Tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu usilipokee hata la bure, maana anayechonga anakata ule mpira uliobaki kufunika nyuzi.

Kilomita 160 za kwanza

Turudi kwenye kalibu. Tairi linapotoka ndani ya chuma kilicholainishwa, uso wake unakuwa laini na kama una nta. Zamani kalibu zilipakwa dawa ili tairi lisigande, na mabaki yake yalitoka na tairi. Leo viwanda vimepunguza sana, lakini ngozi ile laini ipo, na haishiki barabara mpaka ikwaruzwe na barabara yenyewe. Watengenezaji hupendekeza kama maili 100, yaani kilomita 160, za kwenda kwa utaratibu: bila kulala kwenye kona, bila kufunga breki ghafla, bila kuondoka kwa kishindo. Sehemu ya katikati inakwaruzika upesi. Mabega ya tairi, yale unayoyakanyagia kwenye kona, yanabaki mapya kwa siku kadhaa, ndiyo maana watu huanguka kwenye kona wakati tairi kwenye mstari mnyoofu linaonekana zuri. Ongeza ulalaji kidogo kidogo. Na mabega mapya yana umbo la mviringo kuliko yale ya kipara yaliyokuwa bapa, kwa hiyo pikipiki itakuwa nyepesi kugeuka kuliko ulivyozoea.

Katika kata ninayofanyia kazi kijana mmoja wa bodaboda aliteleza kwenye kona ya lami ya kwanza baada ya kutoka kwa fundi, asubuhi yenye manyunyu, na abiria nyuma. Abiria alivunjika mkono. Tairi la nyuma lilikuwa na saa moja barabarani, na aliyelifunga alikuwa amelipaka oili chafu uso mzima ili lipendeze. Kijana alikuwa mwendeshaji mzuri. Hakuna aliyemwambia.

Ukitoka na tairi jipya, basi, lifute uso kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usibebe abiria wala mzigo mzito siku ya kwanza, na mvua ikinyesha subiri ikatike. Ukiweza lianzie kwenye barabara ya changarawe, inakwaruza haraka. Ukimaliza siku ya kwanza pima upepo tena. Valvu ukiiona imelala upande, tairi limezunguka juu ya ringi: toa upepo, inyooshe, jaza upya. Ukishafika kilomita mia mbili hivi, gonga spoki moja moja kwa bisibisi usikilize iliyolegea.

Lile la zamani usilichome, moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya watoto, na usiliache wazi nyuma ya nyumba likakusanya maji ya mvua, mbu watazaliana humo. Mshonaji wa katambuga wa sokoni atalichukua, na tyubu ikate vipande vya kufungia mizigo.